Urefu wa Yusufu

Ijumaa, 4 Oktoba 2024

Mama Katungu amesema niandike chochote, hata upuuzi, ili vidole vizoee. Haya vidole, zoeeni.

Mimi ni Nasoro, fundi wa nguo, Bel-Air, Lubumbashi. Nimeshona kanzu, suti, majoho ya maaskofu wawili, na suruali ya bwana mmoja ambaye miguu yake hailingani, na mpaka leo tunaojua ni mimi na yeye. Nimefika Lusaka, Dar es Salaam, na Dubai siku nne. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, au yenyewe iliniacha, tusigombane. Kiswahili hiki cha vitabu nilitiwa na marehemu baba, mtu wa Kasongo kule Maniema, kwa fimbo. Nikifungua mdomo barabarani naongea kama Lubumbashi yote.

Mama Katungu ni jirani, mtu wa Butembo, muuzaji wa vitambaa kwa jumla. Kila robota lake na rangi yake ameviweka kwenye ordinateur, yaani kompyuta, ndani ya programu ya kuandikia noti. Mwaka jana nilimcheka. Mwezi uliopita mchwa walikula daftari langu la 1992, kicheko kikaisha.

"Fundi, uko na cahiers ngapi zimebakia?"

"Kumi na moja."

"Ingiza yote mbele ya mvua. Muchwa haina dimanche, haipumzike."

Kazi ni hii: mteja mmoja, noti moja. Juu ya noti kuna visanduku: jina, tarehe, urefu wa nguo, kifua, mkono. Ukimaliza unaiuliza programu swali, inakuletea watu. Ati. Tutaona.

Jumanne, 8 Oktoba

Joto. Wateja kumi na tisa wameingia. Mgongo wangu umekatika.

Alhamisi, 10 Oktoba

Leo mchana aliingia mwanamke kijana, kilemba cha kijani, vumbi la safari bado kwenye viatu. Alisalimia vizuri akasimama. Hakugusa kitambaa hata kimoja, nikajua huyu hakuja kushonesha gauni.

"Ni weye Papa Nasoro, rafiki ya Yusufu wa samaki?"

Mguu wangu ulisimama juu ya pedali ya masini. Yusufu wa samaki! Jina hilo sikulisikia miaka ishirini na zaidi.

"Uko nani, mama?"

"Miye Alima. Mutoto yake."

Yusufu alikuwa rafiki wa ujana wangu. Alikuwa akileta samaki wakavu kutoka Kilwa, kwenye ziwa la Mweru, mpaka mwaka 2001 boti ilipopinduka na watu sita. Watano walipatikana. Yeye ziwa lilimweka. Alima alikuwa na miaka miwili. Mama yake alibaki Kilwa, baadaye nyumba ikaungua na kila kitu, na miaka mitano iliyopita mama naye akafariki. Kilichobaki ni picha moja ya kitambulisho, ndogo kama stempu: uso, shingo, basi.

Sasa Alima anaolewa, hapa Lubumbashi, tarehe 28 Desemba. Kwa watu wa kwao, baba akiwa hayupo siku ya nikaha, kanzu yake hulazwa kwenye kiti kando ya walii. Siyo kanzu yoyote. Iliyo ya kipimo chake.

"Kila muntu namuuliza anasema yake," alisema. "Mumoja murefu, mwingine mufupi. Baba mudogo Zakari, ule atasimama walii, alimuona mwisho kule Kasongo bakiwa batoto. Papa, uso yake naijua. Sijue tu, kama ningesimama karibu naye, kichwa yangu ingefika wapi."

Mtu mwenye akili angejibu: mwanangu, nipe siku nitafute. Mimi nilijipiga kifua.

"Mutoto! Umefika kwa mwenyewe! Miye niko na kila mwili ya Lubumbashi ndani ya cahier tangu 1989. Baba yako? Alikuwa murefu kama poteau, nguzo ya umeme nzima! Kanzu utaipata, kipimo juu ya kipimo."

Alicheka na kulia pamoja. Kesho anarudi Kilwa, ni muuguzi huko, na barabara ile mvua ikianza haina huruma. Atashuka tena Desemba.

Alipotoka, mke wangu Mariam alinigeukia.

"Nasoro, una kipimo kile kweli?"

"Kiko ndani."

"Ndani wapi?"

Nilirudi kwenye ordinateur kwa haraka ya mtu mwenye kazi nyingi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kina Yusufu niliowaingiza mpaka leo ni kumi na wanane, na madaftari hayajafika nusu. Sisi Waislamu wa Maniema tuna majina kumi, tunayazungusha kama sahani za karamu. Na katika ujana nani alikuwa anaandika jina la ukoo? Yusufu ni Yusufu, alikuwa amesimama mbele yangu.

Basi nimchague kwa urefu wa kanzu; ya mtu mrefu sana hupita 150. Mama Katungu alinionyesha alama, >, inayofanana na mkasi uliofunguka. Kikubwa kinakaa upande uliofunguka. Nikaandika: jina = Yusufu, urefu > 150. Nikabonyeza kama rubani.

Wakaja tisa. Saba kati yao ni watoto wa madrasa! Kanzu za sentimita 96, 88, 74. Nimeomba majitu, nimeletewa chekechea.

Mama Katungu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Fundi, umeandika nini hapa? 96, kiisha 'sm' pembeni. Kwake ile si chiffre, si namba, ni maneno. Maneno anaipima herufi moja moja, kama dictionnaire. Anaangalia ya kwanza: huku tisa, huku moja. Tisa inapita. Amemaliza, haangalie tena nyuma."

"Donc mutoto wa madrasa anapita muntu muzima?"

"Si weye ulimuvalisha nguo ya maneno? Muvalishe ya namba."

Sikupenda kufundishwa kuvalisha watu. Lakini nilikaa nikafuta "sm" mia tano na kitu, moja moja.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sanduku la urefu sasa ni la namba peke yake, ukiandika neno linakukatalia. Kuna wateja wa zamani niliowapima kwa maneno, mambo ya ujana na majivuno. Nimewaacha wazi. Nitarudia.

Jumatatu, 21 Oktoba

Joto la kukaanga yai. Wateja ishirini na mbili.

Ijumaa, 25 Oktoba

Leo niliuliza kwa tarehe, maana Yusufu hawezi kuwa alishonesha baada ya kufa. Sikutaja jina, niliomba wote: tarehe < 01/01/2001.

Kati ya mamia ya watu wakaja wawili. Mmoja wa tarehe moja Januari 1995, mwingine wa tarehe moja Januari 1999. Mimi kufanya kazi Mwaka Mpya ndiyo ajabu ya kwanza. Ya pili, wengine wote wamekwenda wapi?

Nilijua jibu kabla Mama Katungu hajavuka barabara, ndivyo nilivyo mwepesi. Tarehe nazo nilizivalisha maneno. Programu inaanza kwa siku, kisha mwezi. Mtu wa tarehe 12 mwaka 1998 inamwona yuko baada ya tarehe moja mwaka 2001, kwa sababu moja na mbili zinapita sifuri na moja. Mwaka haijaufikia, imeshaamua.

"Anza na mwaka," alisema. "Kiisha umwambie hii sanduku iko ya tarehe, asikie."

"Najua."

"Unajua leo."

Mama huyu angezaliwa mwanaume angekuwa mwamuzi wa mpira.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua ya kwanza ya kweli! Ilianza saa nane mchana, mawe madogo ya barafu juu ya mabati, kisha maji. Harufu ya vumbi lililolowa iliingia mpaka kwenye masini. Niliacha kuandika nikasimama mlangoni.

Harufu ile na Yusufu ni kitu kimoja. Jumapili tulikuwa tunatembea kwa miguu mpaka uwanja wa Luano kuangalia ndege, hatuna safari, hatuna mgeni, tunaangalia tu. Tunasimama kwenye waya, ndege inapanda, tunabahatisha inaenda wapi. Mimi nilikuwa nasema Brussels, kila mara Brussels. Yusufu alikuwa anasema, "Ile inaenda Kigoma, kuchukua mawese." Hata ikiwa ndege kubwa ya Wazungu. Mvua ilitukuta huko mara nyingi. Tulikuwa na koti moja la heshima, watu wawili, Jumamosi lake, Jumapili langu, na mvua ikija alikuwa ananipigia kelele, "Nasoro, funika koti, weye utakauka peke yako!"

Nikifumba macho namwona anatangulia, mabega mapana, kichwa juu ya watu wote. Alikuwa haogopi askari, haogopi maji. Mimi nilikuwa nyuma yake nikichekesha watu.

Nilimwuliza Mariam kama anamkumbuka. Alisema: "Nakumbuka kicheko." Si kipimo.

Jumamosi, 9 Novemba

Uyoga umeanza sokoni. Mariam ameupika na karanga. Sikuandika mteja hata mmoja na siombi msamaha.

Jumanne, 12 Novemba

Tarehe zote zimekaa sawa, na madaftari yote kumi na moja yameingia. Wateja elfu moja, mia moja na arobaini! Kina Yusufu thelathini na saba. Nikauliza: Yusufu, urefu zaidi ya 150, kabla ya 2001.

Mmoja. Mmoja tu! Nilipiga kelele, Mama Katungu akaja mbio na futi kubwa ya mbao mkononi, alidhani mwizi.

Tukafungua noti. Yusufu wa vipuri vya baiskeli, 158. Wakati huohuo nikasikia kengele barabarani, yeye mwenyewe anapita, anatupungia mkono. Huyu hajazama popote, hata kwenye bafu.

Nikapunguza: zaidi ya 145. Watatu, wote nawajua, wote wengine.

Ijumaa, 15 Novemba

Mama Katungu ameniambia niongeze kisanduku cha kutia alama, cha ndiyo au hapana: marehemu. "Utapunguza musitu," alisema. Kweli, ni njia nzuri ya kutafuta.

Nilianza asubuhi baada ya chai. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Ndiyo. Mzee aliyetaka mifuko mitano kwenye kila kanzu na hakuwa na cha kutia. Ndiyo. Kaka yangu. Ndiyo. Bi harusi wa 1996 aliyesinzia nikimpima. Ndiyo, alifia uzazini. Mikono yangu imezunguka vifua vyote hivi. Naweza kukwambia nani alikuwa anashusha pumzi ili aonekane mwembamba.

Kwa mchezo nikajaribu kuuliza marehemu > hapana. Hakuna jibu la maana. Mama Katungu alisema kisanduku cha namna hiyo hakipimwi kwa mkasi, kinaulizwa sawa au si sawa.

"Muntu hapana kuwa marehemu kupita mwenzake, Fundi. Ni kufa ao kuishi."

Nilikuwa na neno la kuchekesha, nikalimeza. Nilifunga duka mapema.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Mvua. Maji yameingia hadi mguu wa meza.

Ijumaa, 22 Novemba

Alima alipiga simu. Mtandao wa huko unakatika kama uzi uliooza.

"Papa, umepata?"

Ningesema hapana. Neno fupi, watoto wanalijua kabla ya kutembea.

"Nimepata!"

"Vraiment, kweli? Alikuwa na urefu gani?"

Na mimi, mtu wa Dubai siku nne, nikajibu: "Metre moja na quatre-vingt-cinq! Bila viatu!"

Mita moja na themanini na tano, eti. Sauti yake ilisogea mbali, nilidhani mtandao umekatika. Kumbe alikuwa anarudia kwa wenzake wa kazini, mnasikia, baba yangu. Nikasikia wanawake wanapiga vigelegele kule hospitalini Kilwa, mamia ya kilomita za matope, kwa ajili ya sentimita nilizozitoa kwenye kichwa changu.

Mariam alikuwa anakunja nguo. Alitoka akaniacha na simu.

Jumanne, 26 Novemba

Nimekata kitambaa. Cheupe, kizuri, Mama Katungu amekitoa zawadi. Urefu 156. Fundi huomba kitambaa kirefu, maana kirefu hufupika. Najisemea hivyo.

Jumamosi, 30 Novemba

Wanasema malori mawili yamelala kwenye barabara ya Kilwa, tope limefika milangoni. Kanzu imetundikwa. Kila nikiinua macho naona mtu mkubwa ambaye simfahamu.

Jumanne, 3 Desemba

Nitaandika yote, hata kama umeme utakatika.

Asubuhi nilimwambia Mama Katungu ukweli. Nilidhani atanicheka. Alivuta kigoda, akakaa, akavaa miwani.

"Fundi, kule Butembo baba yangu alikuwa anauza maharagwe. Nikikuambia alikuwa anabeba gunia tatu mara moja, ni bongo, uongo mutupu. Lakini miye mwenyewe sasa niko naiamini. Tuache ile. Tuulize muzuri. Wa Yusufu ni bangapi?"

"Trente-sept, thelathini na saba."

"Batu wa juu ya cent quarante, mia moja na arobaini?"

"Kumi na nne."

"Wa cent quarante na chini?"

"Kumi na tisa."

Alihesabu kwa vidole, akaacha, akaniangalia juu ya miwani.

"Kumi na nne na kumi na tisa inafanya thelathini na tatu. Bane beko wapi?"

Nilihesabu mara mbili. Thelathini na tatu. Kina Yusufu wanne hawakuwa warefu wala wafupi. Hawakuwa popote.

"Ni juu ya sanduku yabo haina kitu ndani!" Alipiga goti lake. "Muntu hana namba, ukiuliza nani anapita, hatoke. Ukiuliza nani hafike, hatoke. Miezi miwili uko unamuita kwa mulango wenye hawezi kupita. Uliza wenye sanduku tupu."

Nikaandika: jina = Yusufu, urefu tupu. Wakaja wanne, mmoja baada ya mwingine, kama watu walioachwa mvuani wakingoja waitwe. Mmoja tarehe yake ni 14 Juni 1998. Daftari la sita, ukurasa wa mwisho.

Nililitoa daftari kwenye mfuko wa plastiki. Mwandiko wangu wa ujana, wa kujionyesha, una mikia. Imeandikwa hivi:

"Yusufu. Kanzu nyeupe. Urefu: sawa na mimi. Mkono: sawa na mimi. Kifua: sawa na mimi, toa vidole viwili. Ameleta samaki wawili wakubwa."

Niliisoma mara nyingi. Zamani zile nilikuwa najivuna kwamba jicho langu ni mita. Ndugu na marafiki sikuwapima. Niliandika "sawa na baba yake," "sawa na kaka yake, bega zaidi," nikakata, na ikakaa. Ndio hao niliokuwa nawaacha wazi tangu tarehe 19 Oktoba kwa sababu sanduku lilikataa maneno.

Na 14 Juni 1998 ni siku gani? Ni siku ya harusi yangu! Wiki ile nilishona kanzu mbili kutoka jora moja, yangu na yake, akasimama nyuma yangu msikitini. Nilisahau kabisa. Katika siku ile mimi nilimkumbuka mtu mmoja tu, Nasoro.

Sawa na mimi. Basi hakuwa nguzo ya umeme. Mabega yale na kichwa kile juu ya watu nilivishona mwenyewe, sindano kwa sindano, miaka ishirini na tatu.

Mama Katungu alirudisha miwani mfukoni.

"Sasa weye ulikuwa na kipimo gani, 1998?"

Sikujua. Fundi hajipimi.

Jumatano, 4 Desemba

Nilimweleza Mariam. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Koti moja, watu wawili, Jumamosi lake na Jumapili lako, likawakaa nyote. Halafu unatangaza alikuwa jitu."

Nilishika kichwa.

Kisha aliingia chumbani, nikasikia sanduku la bati linavutwa. Akatoka na kanzu yangu ya harusi, ina harufu ya karafuu. Miaka yote nimekuwa nawaambia watu nilimpa sheikh mmoja wa Dar es Salaam aliyeipenda mno. Mariam aliusikia uongo ule mbele za wageni kila Idi na hakunivua nguo hata siku moja.

Tuliitandaza mezani. Mita ilitoka bega hadi pindo. 142.

Nilijaribu kuivaa. Ilifika tumboni ikagoma.

Ijumaa, 6 Desemba

Napiga Kilwa, hakuna mtandao. Afadhali. Hapana, si afadhali.

Jumanne, 10 Desemba

Naweza kunyamaza. Kanzu ya 156 iko tayari, nzuri kuliko zote nilizowahi kukata. Msichana ana furaha, Kilwa nzima inajua baba yake alikuwa mita moja na themanini na tano. Nani atanishitaki? Ziwa?

Lakini aliniuliza kichwa chake kingefika wapi. Nikimpa 156 atasimama karibu na mtu mwingine maisha yake yote, kwa sababu mimi naona haya.

Jumatano, 11 Desemba

Nimeifumua yote.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua mchana kutwa. Nimeshona upya, 142, kifua changu cha zamani toa vidole viwili. Vidole ni vilevile, hivyo tu havijabadilika.

Ijumaa, 20 Desemba

Alima alifika. Siku nne njiani, mbili juu ya lori na mbili nyuma yake akisukuma. Aliingia na tope hadi magotini, akaiona kanzu ukutani, akaacha mfuko wake uanguke.

"Papa, mbona iko fupi?"

Mariam alikuwa mlangoni. Nilikuwa nimetengeneza hotuba, yenye mizaha mitatu. Ilipotea yote.

"Mama, kaa chini. Metre moja na quatre-vingt-cinq ilikuwa bongo. Nilikuwa sijapata kitu. Nilisikia haya, nikakupa baba wa kutengeneza."

Hakukaa. Nilifungua daftari la sita, nikampa asome mwenyewe. Alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Sawa na mimi. Sawa na mimi. Sawa na mimi.

"Mimi ni nani?"

"Ni miye."

Aliniangalia kutoka kofia hadi ndala. Sijawahi kuangaliwa hivyo, hata na daktari.

"Alikuwa sawa na weye?"

"Toa tumbo."

Hakucheka. "Nilishaambia bantu bote, Papa. Bote."

"Najua."

"Kwa kazi walinipigia vigelegele."

"Nilivisikia. Vilinichoma."

Akageuka ukutani. Nilidhani ataondoka, na nilikuwa tayari kumbebea mfuko. Mariam ndiye aliyesema, polepole: "Nasoro, simama pale kando ya kanzu. Vua kofia."

Nilisimama, mgongo ukutani. Kanzu ilikuwa imetundikwa kama inavyovaliwa, pindo kiganja kimoja juu ya sakafu. Mariam alichukua chaki yangu ya kukatia, akachora mstari mdogo ukutani kwenye usawa wa macho yangu. Akaongeza vidole viwili juu, vile ambavyo umri umenifupisha, akachora mwingine. Kisha akanyoosha mkono kwa Alima.

Alima alielewa. Alitoa picha kwenye pochi. Mariam akaibana kwa pini juu ya kola ya kanzu, macho ya picha juu ya mstari wa pili wa chaki.

Alima alivua viatu vyenye tope. Akasogea, akasimama mbele ya kanzu, karibu kabisa, mikono chini kama mtoto anayepimwa. Hakuinua shingo. Hakuinama. Macho yake yalikuwa yanaangalia moja kwa moja ndani ya picha.

Alikaa hivyo. Nje mvua ilikuwa inapiga bati.

"Kumbe tungeangaliana," alisema.

Baadaye, Mariam alipomletea chai, aliniuliza: "Papa, alikuwa anasema nini, mukiwa pamoja?" Nikamwambia habari ya ndege za Luano na mawese ya Kigoma. Hapo alicheka, na nikakisikia kicheko ambacho Mariam alikuwa anakikumbuka.

Jumamosi, 28 Desemba

Nikaha imepita salama, jua lilitoka kama limealikwa. Zakari alitua Luano jana kutoka Kindu, mzee mpole, akaketi na kanzu ya kaka yake kwenye kiti cha kando. Mama Katungu, Mkristo wa kwanza kufika, alivaa kilemba kupita sisi wote. Mtu mmoja wa Kilwa aliikagua kanzu akaanza, "Mbona tuliambiwa alikuwa murefu?" Bi harusi alimjibu mwenyewe, mbele za watu: "Alikuwa sawa na Papa Nasoro." Watu wote wakageuka kuniangalia. Nilivuta tumbo ndani mpaka dua ikaisha.

Jumanne, 31 Desemba

Madaftari nimeyarudisha kwenye mifuko, mchwa waje wale, wamechelewa. Leo nimejaza visanduku vilivyokuwa tupu, kila ninachoweza. Yusufu wa samaki: urefu 142, tarehe 14 Juni 1998, marehemu ndiyo. Kwenye maelezo nimeandika samaki wawili, na ndege, na koti.

Kisha nikafungua noti ya mteja ambaye hajawahi kuandikwa katika duka hili tangu 1989. Jina: Nasoro. Urefu 142. Tarehe, ileile. Marehemu: hapana, ngojeni kidogo.

Mama Katungu alikuwa nyuma yangu anakula embe na kuangalia kama sikosei. Safari hii sikufungua mkasi. Nikaandika urefu = 142, tarehe = 1998-06-14, nikabonyeza.

Wakaja wawili.